Mwanafunzi hawezi kusahihisha asichokijua

Swali: Ninafundisha Kiswahili darasa la wageni 14, wote watu wazima, waliokwisha kumaliza hatua ya mwanzo. Nikiwasahihisha wanaitikia "ndiyo, ndiyo", na dakika 5 baadaye kosa ni lile lile. Nimejaribu kuwaachia wajisahihishe wenyewe, lakini wengine wananitazama kimya na wengine wanabahatisha tu. Tena yupo mmoja anayetaka nimsahihishe kila neno. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, anzia kwa hao wanaobahatisha, maana wao ndio wanaokuonyesha tatizo liko wapi. Mwanafunzi akisema "kitabu yangu", ukamtazama kwa jicho la kuuliza, naye akajibu "kitabu wangu... langu... changu?" huku anakusoma uso, huyo hajajisahihisha. Amepita kwenye orodha mpaka uso wako ulipokunjuka. Mwenzake anasema "kitabu yangu", anasita kidogo, kisha "changu, kitabu changu". Huyu anaijua kanuni, ila ulimi ulimtangulia. Kwa sikio makosa haya mawili ni kitu kimoja. Dawa zake ni mbali kabisa.

S. Pit Corder, mwanaisimu wa Uingereza, aliyatenganisha mwaka 1967. Kwa maelezo yake, kuna kuteleza, kunakotokana na haraka, uchovu au kusahau, na hata mzawa wa lugha huteleza hivyo kila siku. Na kuna kosa linalotokana na mfumo ambao mwanafunzi ameshaujenga kichwani mpaka sasa. Anayeteleza hujirekebisha akishtuliwa. Mwenye kosa la mfumo hawezi, kwa sababu kwake yeye alichosema ndicho sahihi. Anayesema "rafiki wangu" mara nyingi hajazembea. Amefundishwa kwamba watu huchukua upatanisho wa M-WA, akaona rafiki ni mtu, akafuata mantiki. Ukimwambia "fikiri tena", atafikiri tena na kufika pale pale.

Kwa hiyo kabla ya mbinu yoyote, jiulize jambo moja: hiki alichokosea amekwisha kujifunza, na je, aliwahi kukipatia? Kama ndiyo, mwachie ajisahihishe. Kama hapana, mfundishe, au mpe umbo sahihi na msonge mbele. Kumwambia mtu ajisahihishe jambo asilolijua ni kumpa mtihani wa somo ambalo hajasomeshwa, na kimya unachokiona darasani kwako kwa kiasi kikubwa kinatoka hapo. Lipo pia kundi la tatu: mwanafunzi anajaribu kusema jambo lililo juu ya kiwango chake, kwa mfano anataka kirejeshi na kusema "mtu nilimwona yeye jana". Hapo usimtafutie kanuni wala dokezo. Mpe "mtu niliyemwona jana", mshukuru kwa kujaribu, mwendelee.

Sasa lile la "ndiyo, ndiyo". Tazama mazungumzo haya, ambayo nina hakika hufanyika darasani kwako:

"Jana nimeenda sokoni."
"Ahaa, ulienda sokoni! Ulinunua nini?"
"Ndiyo. Nimenunua ndizi."

Wewe umesahihisha, yeye amesikia mtu anayependezwa na habari zake. Njia hii ya kurudia maneno ya mwanafunzi kwa umbo sahihi ndiyo walimu wengi huitumia bila hata kujua. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1997 kuhusu madarasa ya Kanada ambako watoto walisomeshwa masomo kwa Kifaransa, waliona kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu, asilimia 55, yalikuwa ya namna hiyo. Wanafunzi waliitikia kwa namna yoyote ile katika asilimia 31 tu ya nafasi hizo. Pale mwalimu alipomtaka mwanafunzi atoe umbo sahihi mwenyewe, kwa mfano kwa kuanza sentensi na kuiacha ining'inie, mwanafunzi aliitikia kila mara. Hiyo haimaanishi kwamba kurudia hakufundishi kitu. Inamaanisha kwamba hakumwachii mwanafunzi kazi ya kufanya, na wewe unatafuta mbinu za kumwachia kazi.

Katika Kiswahili kuna shida ya ziada ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha. Mwanafunzi amesema "nimeenda", wewe umejibu "ulienda". Vimebadilika viambishi viwili: ni- imekuwa u-, na -me- imekuwa -li-. Badiliko la nafsi alilitarajia, kwa kuwa unamjibu. Basi sikio lake linadhani tofauti yote aliyoisikia ni ya nafsi, na lile la wakati linapita bila kuonekana. Ukitaka kurudia, rudia kwa nafsi yake yeye, kwa sauti ya kuuliza, na ukate kabla ya mahali pa kosa: "Jana ni...?" Kisha nyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza kabla ya kuita mwingine au kujijibu wenyewe. Waliporefusha hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi zaidi wakajitokeza. Mtu anayetafuta njeo, yaani umbo la wakati, katika lugha ya kigeni ana kazi kubwa kuliko hiyo: akumbuke alichosema, akikate vipande, atafute kipande kibovu, abadilishe, aunde upya. Mpe sekunde 5. Zihesabu kimoyomoyo kwa pumzi, usimkazie macho; tazama mikono yake au ubao. Sekunde 5 za kukodolewa macho na mwalimu ni kama dakika nzima.

Ngazi ya dokezo

Dokezo lina ngazi, na kosa la walimu wengi ni kuruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Ngazi ya kwanza inasema tu kwamba kuna kitu: kiganja kilichoinuliwa kidogo, au "Mm?" Ya pili inaonyesha mahali: unarudia sentensi mpaka neno lililo kabla ya kosa na kusimama. Ya tatu inataja aina: "wakati?", "ngeli?", "kukanusha?" Ya nne inatoa chaguo mbili, "nimeenda au nilienda?" Ya tano ni kumpa jibu. Panda ngazi moja moja, sekunde 5 kila moja, lakini usivuke madokezo mawili hadharani kwa kosa moja. Yakishindikana mawili, mpe jibu, aseme sentensi nzima, na uandike pembeni kwamba jambo hili linahitaji kufundishwa upya. Huo ndio upimaji wako wa kujua nani ameteleza na nani hajui: aliyeteleza hujiokoa kwenye ngazi ya kwanza au ya pili, na anayehitaji zaidi ya hapo bado hajajifunza.

Na ukiona anaanza kubahatisha, mzuie kwenye jaribio la pili. Jaribio la tatu halifundishi kitu ila kusoma uso wa mwalimu.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: walimu wengi huuliza "una hakika?" pale tu mwanafunzi anapokosea. Baada ya wiki moja darasa zima limeshajua kwamba swali maana yake ni kosa, na mtu anaacha kufikiri. Anabadilisha tu chochote kilicho karibu. Uliza pia anapopatia. Akisema "watoto wawili walifika", muulize "wawili?" kwa sauti ile ile. Akisimama imara na kusema "ndiyo, wawili", amefanya kazi ile ile ya kujikagua, na amejifunza kuamini sikio lake.

Mkono

Kitenzi cha Kiswahili kimeumbwa kama vile kilijua kwamba mkono una vidole vitano. Nilimwona: ni-li-mw-on-a. Kidole gumba ni nafsi, cha shahada ni wakati, cha kati ni mtendwa, cha pete ni mzizi, cha mwisho ni kiishio. Wafundishe mpangilio huu mara moja, kwa dakika 10, kwa vitenzi wanavyovijua, na kuanzia hapo hutahitaji maneno.

Inua mkono wa kushoto, kiganja kikiwaelekea wanafunzi. Usitumie wa kulia: wao wataona gumba liko upande wao wa kulia, na neno litasomeka kinyumenyume. Kwa mkono wa kushoto, gumba liko kushoto kwao, mahali neno linapoanzia kusomwa. Mkono wako wa kulia sasa uko huru kugusa kidole chenye tatizo.

Mwanafunzi akisema "niliona mwalimu", unagusa kidole cha kati na kukitikisa: kimekosekana kitu hapa. Atajaza mwenyewe, "nilimwona". Akisema "hatulisoma", gusa kidole cha shahada. Anajua kwamba tatizo ni wakati katika kukanusha, na kama aliwahi kuifanyia kazi -ku- ataifikia: "hatukusoma". Akisema "sinasoma", kunja kidole cha shahada mbele yao. Hakuna kiambishi cha wakati katika kukanusha wakati uliopo, na kidole kilichokunjwa kinalisema hilo vizuri kuliko maelezo ya nusu saa. Kisha gusa kidole cha mwisho ili akumbuke kubadilisha kiishio: "sisomi". Kwa vitenzi kama kujibu, kufikiri na kurudi, kidole cha mwisho hakiguswi, kwa kuwa hakibadiliki: sijibu, sifikiri, sirudi. Ukikigusa kwa mazoea utapata "sijibi", na kosa hilo litakuwa lako.

Mkono una mpaka wake. Vitenzi vya silabi moja, kama kula, kuja na kunywa, huuvuruga. Katika "nilikula" ile -ku- imeingia kuubeba mzizi. Katika "sikula" -ku- ni ya kukanusha wakati uliopita. Mwanafunzi anayeona zote mbili zikikaa kati ya vidole vile vile ataishia kusema "sikukula". Hivi vifundishe ubaoni, nilikula na sikula zikiwa zimepangwa juu na chini, na usiviwekee dokezo la vidole kabisa mpaka darasa limevizoea.

Ngeli, mahali kujisahihisha kunapofia

Kwenye upatanisho wa ngeli, mwanafunzi huweza kusahihisha neno moja na kuacha sentensi nzima ikichechemea. "Chakula ile ilikuwa nzuri." Unamwonyesha "ile", anasema "kile", unafurahi, mnaendelea. Lakini sentensi ilikuwa na makosa matatu, na yeye amejifunza kwamba ngeli ni ya neno moja lililotajwa na mwalimu. Sharti liwe hili: asahihishe kuanzia nomino hadi nukta. "Chakula kile kilikuwa kizuri." Akiishia njiani, mrudishe kwenye nomino, usimwelekeze kwenye neno lililobaki.

Kinachosaidia kuliko dokezo lolote la sauti ni chati ya ngeli iliyobandikwa ukutani, kubwa ya kusomeka kutoka nyuma ya darasa, yenye safu chache tu: nomino ya mfano, kiambishi cha kitenzi, kiambishi cha kivumishi, kimilikishi. Unanyoosha kidole kwenye mstari, yeye anatafuta safu. Mwanzoni watasoma kutoka ukutani, na hilo halina ubaya. Baada ya wiki kadhaa funika safu moja kwa karatasi, halafu nyingine. Chati isiyofunikwa kamwe inakuwa mkongojo.

Weka rangi tofauti au fremu kwa majina ya viumbe hai yaliyo katika umbo la ngeli nyingine. Kifaru mkubwa amekimbia, si "kifaru kikubwa kimekimbia". Lakini kwenye kimilikishi tunasema rafiki yangu, dada yangu, baba yangu. Hapa mwanafunzi anayejisahihisha kwa bidii ndiye anayeharibu zaidi: anasema "rafiki yangu" kwa usahihi, anasita, anakumbuka kwamba rafiki ni mtu, na kubadilisha kuwa "wangu". Ukisikia hivyo, simamisha na umwambie wazi kwamba la kwanza lilikuwa sahihi na kwa nini. Usimwachie atafute, atazidi kupotea.

Wapo pia wanafunzi waliosikia Kiswahili mitaani kabla ya kukusikia wewe. Wanasema "kitabu yangu" kwa kujiamini kabisa kwa sababu waliokuwa wakizungumza nao husema hivyo. Usikiite kosa mbele yao. Waambie Kiswahili sanifu kinataka "changu", na kwamba hapa darasani tunafanya mazoezi ya sanifu. Mtu huyu hajateleza, na dokezo halitamfikisha popote mpaka akubali kwamba kuna namna mbili.

Wakati wa mazungumzo, kalamu ndiyo ifanye kazi

Shughuli ikiwa ni ya kuzungumza kwa ufasaha, kama kusimulia safari, kubishana au kuigiza, usikatize. Katiza tu pale maana inapopotea, na hata hapo uliza kama msikilizaji. Mwanafunzi akisema "tunaanza kazi saa moja" akimaanisha ile saa ya adhuhuri, usimfundishe kuhesabu saa. Muulize: "Saa moja, jua linapochomoza?" Atastuka mwenyewe na kusema "hapana, saa saba mchana". Huku ndiko kujisahihisha kwa kweli, kwa sababu amesukumwa na haja ya kueleweka.

Wakati huo wewe unaandika. Kwa darasa la watu 14 walio katika vikundi vitatu au vinne, zunguka kwa dakika 10 na uandike sentensi 12 hivi kama zilivyosemwa. Kisha chagua 7 au 8 za kuweka ubaoni, na mbili kati yake ziwe sahihi. Mathalani:

Rafiki wangu anaishi mbali.
Sikumwona mwalimu.
Sinapenda kahawa.
Nimefika wiki iliyopita.
Chakula ile ilikuwa nzuri.
Watoto wote walifika saa mbili.
Ninataka ninaenda nyumbani.

Zile sahihi ni za lazima. Wakijua kwamba kila sentensi ina kosa watabadilisha kila kitu, hata "sikumwona", na badala ya kujifunza kukagua watajifunza kutilia shaka. Badilisha jina au mahali ili msemaji asitambulike, ila usiliguse kosa lenyewe. Wape dakika 5 wawili wawili: waseme ipi ni sahihi, ipi siyo, na kwa nini. Ile "kwa nini" ndiyo inayokuonyesha kama kanuni ipo kichwani. Jozi ikisahihisha "sinapenda" bila kueleza, kesho itarudi.

Chagua sentensi zenye makosa ya watu wengi, na ya mambo mliyokwisha kufundishana. Kosa la mtu mmoja mwandikie pembeni umpe mwenyewe.

Mwishoni mwa zoezi hilo, fanya kile ambacho walimu wengi hukiacha kwa kukosa muda: rudisheni shughuli ile ile, na mwenzi mwingine, kwa dakika 4. Masahihisho yasiyorudi mdomoni siku hiyo hiyo hubaki ubaoni. Kama muda wako ni mfupi, punguza sentensi ziwe 5, lakini usipunguze marudio.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, simu ni chombo kizuri sana. Mwanafunzi anajirekodi akisimulia jambo kwa sekunde 60, si zaidi. Nyumbani anaandika kila neno alilosema, pamoja na kusita na makosa, anaacha mstari mtupu kati ya mistari, kisha anasahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Sekunde hizo 60 zinaweza kumchukua dakika 15 kuandika, ndiyo maana nasisitiza zisiongezwe. Anapoandika anasikia mambo ambayo hakuyasikia alipokuwa akisema, na makosa mengi anayaona kabla hajakupa karatasi. Wewe unaongeza tu yale aliyoyapita, yasizidi matatu. Kisha anasimulia tena.

Maandishi

Kwenye insha kazi ni rahisi zaidi kwa sababu muda upo, na ni rahisi vilevile kuipoteza. Daftari lililojaa wino mwekundu humfanya mwanafunzi atazame alama na kufunga. John Truscott, mtafiti wa ufundishaji wa lugha, alifika mbali mwaka 1996 hata kudai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanafunzi wa lugha kuachwe kabisa. Mtafiti mwenzake, Dana Ferris, akampinga miaka michache baadaye. Huna haja ya kumaliza ubishi huo ili ufanye kazi nzuri. Masahihisho yasiyotendewa kitu na mwanafunzi ni jasho la bure, na hilo linatosha kukuongoza.

Tumia alama zisizozidi 6: U kwa upatanisho, W kwa wakati, K kwa kukanusha, M kwa msamiati usiofaa, T kwa tahajia, na ^ pale kitu kilipoachwa. Alama 15 hakuna atakayezikumbuka. Miezi ya mwanzo pigia mstari kosa na uandike alama juu yake. Baadaye usipige mstari. Andika alama pembeni mwa mstari wa maandishi, atafute mwenyewe lilipo. Mwisho andika namba tu pembeni, 2, maana yake mstari huu una makosa mawili. Kila hatua unaondoa msaada kidogo, na usiondoe kwa wote siku moja. Mmoja anaweza kuwa hatua ya tatu kwa wakati na bado hatua ya kwanza kwa ngeli.

Rudisha insha mwanzoni mwa kipindi, si mwishoni, na toa dakika 10 za kusahihisha palepale. Ukisema "msahihishe nyumbani" watasahihisha wale watatu unaowajua tayari. Kisha kusanya tena na usome masahihisho yenyewe. Yale ambayo mwanafunzi ameshindwa kuyarekebisha licha ya alama ndiyo mpango wako wa somo lijalo.

Matamshi nayazungumzia kwa ufupi, kwa kuwa kujisahihisha huko kunaanzia sikioni. Kama mwanafunzi hasikii tofauti ya kula na kura, au ya ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, ishara zako zote ni bure. Mpime kwanza: tamka maneno 10 yaliyochanganywa, aonyeshe kidole kimoja au viwili kulingana na sauti aliyoisikia. Akipata chini ya 8, endelea na mazoezi ya kusikiliza na usimdai kutamka. Mkazo ni rahisi zaidi: piga meza kwa silabi, kwa nguvu kwenye ya pili kutoka mwisho, naye atajirekebisha kwa kufuata mapigo.

Wenzake wanapomwokoa

Katika watu 14 lazima awepo mwepesi anayerusha jibu kabla hujafikisha sekunde 2. Usimkaripie, mpe kazi: akijua jibu, anyooshe kidole kinachohusika kwenye mkono wake mwenyewe bila kusema neno. Hivyo anatoa dokezo badala ya jibu. Na kila mara msaada unapotoka kwa mwenzake, rudi kwa aliyekosea, aseme sentensi nzima yeye mwenyewe. Kisha baada ya dakika 10 muulize swali jingine linalodai umbo lile lile: kama alikosea "nimeenda jana", muulize alikula nini usiku uliopita. Akipatia hapo bila ishara, sasa una sababu ya kuamini.

Nikimalizia na yule anayetaka kusahihishwa kila neno: usimkatalie, maana ombi lake ni la haki na anakulipa kwa muda wake. Ila mweleze kwamba ukikamata kila kitu hatamaliza sentensi, na hatakumbuka hata kimoja. Mwambie achague kosa moja la wiki, aliandike kwenye kadi na kuiweka mezani mbele yako: "-li- na -me-", kwa mfano. Wiki hiyo utagonga meza kwa kosa hilo tu, popote atakapolifanya, na mengine utayapita hata kama yanakuwasha. Nyuma ya kadi aweke alama mbili tofauti: nukta kila unapogonga, na mstari kila anapojikamata kabla hujagonga. Siku za kwanza zitakuwa nukta tupu. Mistari ikizidi nukta kwa vipindi vitatu mfululizo, abadilishe kadi. Ikiwa baada ya wiki mbili bado hakuna hata mstari mmoja, kosa hilo si la kujisahihisha, chukua kiti ukae naye umfundishe upya. Na atakapojikamata katikati ya sentensi, usimkatize kwa sifa. Mtikisie kichwa tu, aendelee na alichokuwa anasema.